Dakika Saba za Rustavi

Filamu yangu ya kwanza ina dakika saba na sekunde kumi na moja.
Sekunde kumi na moja ni jina langu,
linapita juu ya weusi polepole, kama bwana harusi.

Rustavi, mwezi wa pili, saa kumi alfajiri.
Theluji imegeuka tope penye kona,
nasi watatu twasukuma kamera ya chuo
juu ya kigari cha mtoto wa dada yake Ketato,
gurudumu moja likilia kama kinda.
Tulikuwa na ruhusa ya usiku mmoja.
Nilikuwa na kurasa kumi na nne za maneno.

Mzee Shakro, mwokaji, hakuwa mwigizaji.
Nilimwandikia hotuba kuhusu mwanawe
aliyekwenda Poland kubeba matofali, asirudi.
Aliisoma kwa miwani ya mkewe,
akanirudishia karatasi ina alama ya kidole cha unga.
"Haya yote," akauliza, "ningeyasema saa ngapi?
Mikate si itaungua?"
Nikakasirika kimyakimya,
kwa hasira ya mtu aliyeazima kamera.

La friji nalisema kwa aibu.
Mindia, mwenye kinasa sauti, aliinua mkono:
kuna kitu kinanguruma.
Tukasikiliza. Tukaichomoa.
Kimya kikaingia kama mgeni mwenye adabu, kikavua viatu.
Tulikifurahia mno kile kimya!
Tukapiga picha hadi kukapambazuka,
tukakunja nyaya, tukabusu mashavu ya watu,
tukaenda kulala,
na friji imelala vilevile.

Kilo kumi na tisa za jibini.

Mzee hakupiga simu.
Nilijua siku ya nne, niliporudisha ufunguo wa duka,
harufu ikanipokea mlangoni kabla yake.
Nililipa kidogo kidogo, lari thelathini kila mwezi,
hadi majira ya zabibu.
Somo la mwanga na vivuli nililisahau baada ya mtihani.
Hili sijalisahau.

Kisha chumba cha uhariri, dirisha halifunguki.
Cha mwenzangu nilikiona kinanyolewa, changu nikakitia maji,
na bado wembe ulikwaruza.
Nilikata mvuke juu ya kioo,
mvuke nilioupenda kuliko mtu yeyote mwaka ule.
Nilikata ile safari ndefu ya kigari,
kwani hakuna aliyeona barabara, wote walisikia gurudumu.
Hotuba niliikata mwisho, sentensi baada ya sentensi,
kama anayejitoa miiba kwa meno.

Nikabaki na kile ambacho sikukipiga.
Nilikuwa nimeshapaza sauti, "Kata!"
Ketato akasahau kuzima.
Mzee anadhani tumekwisha.
Anainama ndani ya tanuri la udongo hadi kiunoni,
visigino vyaachana na sakafu,
anabandua mkate wa mwisho, mrefu, wenye ncha mbili,
kama mwezi mwandamo.
Anaumega.
Nusu anaila amesimama.
Nusu anaifunga kwa kitambaa, anaipandisha rafuni
penye nusu nyingine, zilizokauka.

Na pembeni mwa fremu kuna bega.
Ni langu. Nimempa mgongo,
nahesabu kurasa.

Nilitaka kulifuta lile bega. Mindia akasema liache.
Tuligombana siku mbili. Lipo.

Siku ya kuonyesha, Mzee Shakro alikuja na suti ya kahawia,
akakaa karibu na mlango, huenda akasinzia.
Taa zilipowashwa nilimfuata, moyo mkononi.
"Ule mkate," akasema, "umeungua upande mmoja.
Ungenishtua, ningeoka mwingine."
Kuhusu rafu hakusema neno.
Nami, kwa mara ya kwanza, sikuuliza.

Siku hizi nikiingia kwa watu kupiga picha,
kabla ya taa, kabla ya salamu kwisha,
naomba kuonyeshwa friji.
Naichomoa, naufungua mlango wake,
naweka humo ufunguo wa nyumba yangu
karibu na mayai.
Siwezi kwenda kulala bila kuufuata.